Maswali ya Nyumba: Mlango wa reli hauning'inii kwenye plasta

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu ile milango ya kutelezesha inayoning'inia kwenye reli ya chuma iliyo wazi, mtindo uliotoka kwenye maghala ya mashamba ya Marekani ukaingia sebuleni. Wapo wanaouita mlango wa banda. Hapa tutauita mlango wa reli.

Swali. Mafundi, habari za kazi. Korido yetu ni nyembamba, mlango wa bawaba ukifunguliwa hakuna pa kupita, ndiyo maana tukaweka wa reli. Uwazi ni sm 80 kwa 210, ukuta ni wa tofali za saruji za inchi 6. Fundi alifunga reli kwa skrubu na plagi za plastiki. Wiki ya tatu upande mmoja umeshuka upana wa kidole na plasta inamwagika. Mlango ni wa mninga. Niubadilishe niweke mwepesi? — *Msomaji, Kimara, Dar es Salaam*

Jibu. Mlango uache, kosa liko ukutani. Piga hesabu kidogo. Kwa uwazi wako mlango unatakiwa uwe na upana wa sm 90, yaani uzidi sm 5 kila upande, na urefu wa sm 212: juu unafunika sm 3, chini unaachia sakafu sm 1. Ukiwa na unene wa sm 4, mninga mkavu utakupa karibu kilo 50. Seti nyingi za reli huandikwa kubeba kilo 90 au 100, kwa hiyo chuma hakijalemewa. Kilicholemewa ni plagi iliyoshika sm 2 za plasta na kidogo tu cha ukuta ulio nyuma yake. Tena reli haikai imegusa ukuta, inasimamishwa mbele kwa vipande vya kuitenga vya sm 3 hivi. Uzito hauvuti kwenda chini tu, unavuta skrubu zitoke nje. Na kila mlango unapogonga kizuizi cha mwisho, skrubu ya pembeni ndiyo inayopokea kipigo.

Bahati nzuri ni kwamba nyumba zetu nyingi zina lenta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka kuta zote, na huanza pale pale juu ya milango. Mlango wako utaishia sm 213 kutoka sakafuni, na kwa seti nyingi reli hukaa kama sm 4 juu yake, yaani sm 217. Hapo uko ndani ya zege. Kabla ya kuamini, toboa tundu dogo la majaribio sehemu ambayo reli itafunika: vumbi la kijivu na drili inayokwenda kwa shida ni zege, biti ikizama ghafla ni tofali.

Tatizo linalobaki ni nondo. Matundu ya reli yamekwisha kutobolewa kiwandani, na mojawapo likiangukia nondo huwezi kulisogeza. Kwa hiyo usifunge reli moja kwa moja. Tanguliza ubao wa mbao ngumu, upana wa sm 15, urefu sawa na reli. Ufunge kwenye lenta kwa bolti za kutanuka za M10 (kipenyo cha mm 10), zile ambazo ukizikaza ganda lake la chuma hupanuka ndani ya tundu. Ziwe tano au sita, na kila moja iingie kwenye zege lenyewe angalau sm 5 bila kuhesabu plasta. Ukikutana na nondo, sogea sm 4 utoboe tena. Ubao utaficha tundu lililoharibika. Puliza vumbi lote litoke kabla ya kuingiza bolti, maana tundu lenye vumbi halishiki. Bolti za reli zipitishwe kwenye ubao kutokea nyuma, vichwa vikiwa vimezamishwa, *kabla* ubao haujapanda ukutani. Wengi husahau hapo, wakaishia kuteremsha kila kitu.

Unene wa ubao usikisie. Uwe sawa na fremu yako inavyojitokeza ukutani. Fremu ikitoka sm 2.5, ubao uwe sm 2.5, nyuma ya mlango itabaki nafasi ya sm 1 na kidogo. Ukizidisha utapata pengo la kupita paka.

Reli yenyewe iwe na urefu mara mbili ya mlango: sm 180 ndiyo chini kabisa, sm 200 ni vizuri. Kando ya uwazi kuwe na ukuta mtupu wa sm 90. Angalia swichi ya taa, maana mara nyingi ndiyo inayofichwa na mlango ukiwa wazi, na kuihamisha ni kazi ya fundi umeme kabla ya rangi, si baada yake.

Swali. Tunajenga, na mke wangu anataka mlango wa aina hii kwenye choo cha chumba chetu. Mimi nasita. — *Msomaji, Dodoma*

Jibu. Endelea kusita. Mlango wa reli haukai ndani ya fremu, unapita mbele yake, kwa hiyo pembeni na chini hubaki wazi. Sauti na harufu vitapita. Mkipenda sura yake, uwekeni sebuleni, stoo, jikoni au kwenye chumba cha nguo. Mkishikilia choo, mlango uzidi uwazi kwa sm 8 hadi 10 kila upande, pigilieni ukanda wa brashi nyuma ya kingo mbili, na wekeni komeo la kulabu linaloingia kwenye fremu. Bado mtasikiana.

Swali. Wangu nilitengenezewa Tanga kwa mbao za mvule, ukapendeza. Miezi minne baadaye umejipinda, kona ya chini imetoka kama sm 2 na ya juu inakwaruza ukuta. Chumba kina kiyoyozi, korido haina. Fundi anasema mvule haupindi. — *Msomaji, Tanga*

Jibu. Mvule hutulia kuliko mbao nyingi, lakini mbichi hupinda kama nyingine. Huko Pwani mbao ya ndani inatakiwa iwe imekauka hadi unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Kuna kipimo kidogo cha sindano mbili, unachoma tu na kusoma namba. Fundi asiye nacho anakisia.

Hata hivyo tungeanza kwa kushuka na kutazama nyuma ya mlango wako. Tunachotarajia kukuta ni vanishi tabaka tatu mbele, moja nyuma, na kingo za juu na chini zikiwa tupu. Upande wa korido unakunywa unyevu, wa kiyoyozi unaupoteza, na upande unaovimba unausukuma ule unaosinyaa. Mlango wa bawaba hushikwa na bawaba tatu na kitasa, haupindi kirahisi. Huu umeshikwa juu tu.

Ushushe, ulaze juu ya vipande vya mbao hewa ipite pande zote, wiki mbili au tatu, ndani ya chumba hicho hicho. Ukirudi hata nusu, piga msasa, upake tabaka sawa pande zote sita. Usiporudi, fundi achimbe mifereji miwili ya wima nyuma, kina cha sm 2.5, azamishe pau bapa za chuma za mm 25 kwa 6 zikiwa zimesimama kwa ubavu. Zikilazwa hazisaidii kitu. Mlango ujao, mbao zake zisipakwe gundi kati ya moja na nyingine: ziunganishwe kwa ulimi na mfereji, zikiachiana milimita moja au mbili, na zishikwe na mikanda ya nyuma kwa skrubu kwenye matundu marefu ili zipate pa kuvimbia.

Swali. Mlango unajifungua wenyewe usiku, na chini unayumba ukigonga ukuta. Sakafu ni tailizi, nimekataa isitobolewe. — *Msomaji, Nakuru*

Jibu. Kujifungua ni reli kulala upande. Milimita 3 ndani ya mita 2 zinatosha. Pima maji fupi hudanganya. Tumia ya mita moja au mpira wa maji. Kuyumba ni kukosa kishikizo cha chini. Kipo kinachofungwa ukutani, juu ya sketingi, chenye vigurudumu viwili vinavyobana mlango bila kugusa tailizi. Ukishakifunga, hakikisha juu ya mlango pia kuna visahani vya kuzuia magurudumu yasiruke reli. Huja kwenye seti, vidogo, na mafundi huvibakiza kwenye boksi wakidhani ni vya ziada. Kwenye nyumba yenye watoto, bila hivyo mlango usitumike hata siku moja.

Swali. Asalaam aleikum. Nina upande mmoja wa mlango wa kale, una mfaa (ule mti wa katikati) wa nakshi na njumu za shaba. Nataka uwe mlango wa reli wa chumba cha wageni. — *Msomaji, Lamu*

Jibu. Waaleikum salaam. Pima upana kwanza. Milango hiyo ilikuwa ya pande mbili, kwa hiyo mmoja peke yake mara nyingi ni mwembamba kuliko uwazi wa chumba. Pia haikuwa na bawaba, ilizunguka kwa vigingi vya juu na chini. Kigingi cha chini kitakwaruza sakafu na cha juu kitagonga reli, na fundi wa kwanza utakayemwita atachukua msumeno. Mzuie. Tengeneza fremu ya chuma cha mraba cha mm 40 kwa 20, pana kuliko uwazi, ufunike kwa mbao nyembamba, kisha mlango wa kale ukae juu yake umeshikwa kwa vibanio vya pembeni, bila skrubu hata moja kuingia kwenye nakshi. Magurudumu yabebe fremu. Njumu zitazame nje, zisielekee ukutani. Vyote pamoja vinaweza kuvuka kilo 70, basi vipime kwenye mizani kabla ya kununua seti.

Swali. Mchomeleaji wa mtaani anasema ataniundia reli kwa pau bapa na magurudumu ya geti, nusu ya bei. — *Msomaji, Mombasa*

Jibu. Reli akuundie: pau ya mm 40 kwa 6 ndiyo hiyo hiyo ya dukani. Magurudumu ya geti ni ya chuma juu ya chuma, yatanguruma nyumba nzima. Nunua ya nailoni yenye beringi zilizofungwa. Matundu yote yatobolewe *kabla* ya rangi, kwani kwa hewa ya chumvi kutu huanzia ndani ya tundu. Na usipake grisi: hukamata vumbi, baada ya mwezi magurudumu yanasaga uji mweusi. Futa reli kwa kitambaa kikavu, halafu pitisha risasi ya penseli.