"Sikukuona": Ushauri wa Mpanda Pikipiki wa Barabara ya Muheza

Neno nililolisikia mno barabarani tangu nianze kwenda kazini kwa pikipiki ni "sikukuona". Ninakaa Chumbageni, jijini Tanga, kazi yangu iko Muheza, na kwa miaka kumi njia hiyo imenionyesha kwamba dereva anayelitamka mara nyingi hasemi uongo, jambo ambalo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu angekuwa mwongo ningejua namna ya kugombana naye.

Mara ya mwisho nililisikia Pongwe, msimu wa machungwa. Nilikuwa nimefunga kiroba nyuma, taa inawaka, mwendo wangu ni ule wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa kwenye makazi, gari dogo lililokuwa limeegeshwa kando likanichomekea bila hata kuwasha indiketa. Sikugongwa, lakini tairi la nyuma liliserereka, kiroba kikapasuka na machungwa yakabingirika hadi chini ya lori la saruji lililosimama ng'ambo. Dereva alishuka, simu ingali mkononi, akaniokotea matatu au manne, kisha akasema lile neno.

Habari ilinitangulia nyumbani. Shangazi yangu alinipokea na maneno yake ya siku zote: "Mwanangu, liuze hilo lichuma kabla halijakutoa roho." Hakuna aliyeuliza habari za yule dereva. Anayeweza kuumia hushauriwa na ukoo mzima, ilhali anayeweza kuumiza analala usingizi wake. Katika uchunguzi wa ajali 900 za Los Angeles uliotolewa na mtafiti Harry Hurt mwaka 1981, theluthi mbili ya ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine zilitokana na dereva wa chombo hicho kuinyima pikipiki haki yake ya kupita. Los Angeles si Tanga, na sitetei wenzetu wanaopakia mishikaki na kupenya kushoto kwa malori, lakini sababu ile naiona kila wiki.

Kwa hiyo niliacha kutegemea kuonekana. Hata dereva akinitazama usoni simwamini. Ninaangalia gurudumu lake la mbele, kwa kuwa likianza kuzunguka nitaliona kabla sijahisi kwamba gari lenyewe limesogea. Kwa mwendo wa 50 unakwenda takriban mita 14 kila sekunde, hivyo anayechungulia simu kwa sekunde mbili amekupotezea mita 28, na hizo ni lazima uwe umejiwekea akiba mwenyewe. Ukiwa nyuma ya lori na huuoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni: rudi nyuma au lipite upesi, usiambatane nalo. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwani uzito huhamia mbele unaposimama, ila ikamue taratibu. Pale Pongwe niliikanyaga ya nyuma kwa hofu, na machungwa yakalipa.

Kuhusu jamaa wanaokuhofia, usibishane nao. Mimi nilibishana miaka mingi, hadi siku moja nikakumbuka kwamba shangazi huyohuyo ni mimi ninayempeleka kliniki ya Bombo, kwa lichuma lilelile, akiwa na mtandio tu kichwani. Nikanunua kofia ngumu ya pili. Nilimweleza kwamba tafiti zilizokusanywa mwaka 2008 na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, zilionyesha kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Akasema hesabu hizo hazimhusu, kofia inamvunjia kilemba.

Sasa anaivaa. Hufunga mkanda wa kidevuni mwenyewe, akanishika kiuno, na gari likitokeza ghafla njiani huwa amekwisha kupaza sauti kabla sijagusa honi: "Wewe! Humuoni mwanangu?"