Mgeni Asiyefika Siku ya Jembe

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu wenye adabu. Alianza na "shikamoo dada", akaeleza kwamba amekuwa akiweka akiba kwa miaka miwili, na kwamba makala yangu ya safari, ile ya kuzuru miji saba kwa siku kumi, ameichapisha na kuibandika ukutani juu ya kitanda chake. Swali lake lilikuwa moja: je, saa saba nilizopendekeza kwa Venice, mji wa mifereji wa Italia, ni za lazima, au anaweza kuzipunguza ziwe tano ili apate nafasi ya mji wa nane?

Sitaficha kwamba kwanza nilifurahi. Makala ile ndiyo iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika; wapo watu wasiojua lolote kunihusu ila hilo, na kwa muda mrefu nilijivunia kuitwa mtu wa miji saba. Aibu ilikuja baadaye, nilipoirudia makala yenyewe na kukuta kwamba katika maneno yote yale hamna mwenyeji hata mmoja. Mna madaraja, minara, foleni na saa za treni. Watu wanaoishi katika miji hiyo hawamo, isipokuwa pale ninapolalamika kwamba mhudumu fulani alininunia.

Ziara yangu ya kwanza Venice ilikuwa hivi. Nilishuka kituo cha Santa Lucia saa nne asubuhi, nikafuata vibao vya njano vinavyoelekeza daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, au tuseme nilifuata migongo ya watu, kwa kuwa vibao vyenyewe vilifichwa na vichwa. Juu ya daraja la Rialto nilisubiri zamu ya kusimama ukingoni, na zamu ilipofika nilipiga picha zisizopungua thelathini, zote za mfereji uleule, huku waliokuwa nyuma yangu wakinisukuma kwa mabegi yao ya mgongoni. Nilikula nilichobeba nikiwa nimeketi kwenye ngazi, jambo ambalo baadaye nilijua kwamba hutozwa faini. Nilinunua chupa ya maji na kinyago kimoja cha ukumbusho ambacho, nilipokigeuza usiku, nilikikuta na kibandiko cha nchi iliyo mbali kabisa na Italia. Saa kumi na moja jioni nilikuwa tena ndani ya treni, nikiandika kwa furaha kwamba Venice nimeimaliza.

Sasa zidisha saa zangu saba kwa mamilioni. Mwaka 1950 safari za watalii waliovuka mipaka ya nchi zao zilikadiriwa kuwa milioni 25 tu duniani kote. Mwaka 2024 zilifika kama bilioni 1.4. Sababu tunazijua sote: ndege za bei nafuu, meli zinazobeba maelfu ya abiria kwa mkupuo, nyumba za kupangisha kwa siku ambazo baada ya 2008 zilienea mtandaoni, na simu zinazotuonyesha sote picha ileile. Jambo ambalo sisi waandishi wa safari hatupendi kulitaja ni kwamba ongezeko hilo halikusambaa duniani kama mvua. Lilimiminwa katika vichochoro vichache, katika saa zilezile za mchana, na watu walioshika orodha zilizoandikwa na watu kama mimi.

Hata hivyo, kilichonibadilisha hakikuwa takwimu. Zilikuwa ngazi za jengo moja Barcelona, Hispania, katika mitaa ya mji mkongwe, ambako nilikodi fleti kwa usiku mbili kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko hoteli. Niliwasili saa saba usiku. Ufunguo ulikuwa ndani ya kijisanduku cha namba kilichofungwa kwenye nondo za dirisha, kikiwa kimepangana na vingine vitano vinavyofanana nacho, nami nilihangaika kwa tochi ya simu mpaka nikakipata. Fleti ilikuwa ghorofa ya nne na lifti haikuwepo. Sanduku langu la magurudumu liligonga kila ngazi.

Nilipofika ghorofa ya tatu, mlango ulifunguliwa na bibi mmoja aliyevaa gauni la kulalia. Hakunifokea. Aliyatazama magurudumu, akanitazama mimi, kisha akainua mkono na kukunja vidole kimoja kimoja: leo, jana, juzi, mpaka vidole vyote vitano vikaisha. Halafu akaufunga mlango polepole, kwa uangalifu wa mtu ambaye bado anaujali usingizi wa jirani.

Asubuhi nilimkuta chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, akimsubiri mleta gesi. Ile mitungi ya rangi ya machungwa bado husambazwa nyumba kwa nyumba katika majengo ya zamani ya mji ule. Nilimwomba radhi kwa Kihispania changu cha kuokoteza. Akanishika kiwiko na kunisogeza mpaka kwenye masanduku ya barua ukutani. Yalikuwa kumi na mawili, na matatu tu ndiyo yaliyokuwa na majina yaliyoandikwa kwa mkono; mengine yalikuwa na namba za milango peke yake. Akaligusa jina lake, akaligusa la jirani wa ghorofa ya kwanza, akaligusa la tatu na kutikisa kichwa, kisha akafanya ishara ya mtu anayebeba sanduku kwenda zake. Mtungi ulipofika nilitaka kumbebea. Alikataa kwa kichwa, bila hasira, akamwachia mleta gesi. Nakiri kwamba kukataliwa kule kuliniuma, na mpaka leo kunaniuma kuliko tusi lolote ambalo ningetukanwa.

Baadaye niligundua kwamba fleti ile haikuwa na kibali. Barcelona, kila nyumba iliyoruhusiwa kupangishwa watalii ina namba inayoanza na herufi HUTB, na namba hiyo lazima ionekane kwenye tangazo. Mimi, mshauri wa maelfu, sikuwahi kuitafuta. Mwezi Juni 2024 meya wa jiji, Jaume Collboni, alitangaza kwamba vibali vyote vya fleti za watalii, zaidi ya elfu 10, havitahuishwa na vitakwisha ifikapo Novemba 2028, akitaja kupanda kwa kodi za nyumba kuwa sababu kuu. Mwezi uliofuata wakazi waliandamana, na baadhi yao wakawarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Wasafiri wenzangu walikasirika sana na kuuliza ni ukarimu gani huo. Mimi nilikumbuka vidole vitano vya bibi wa ghorofa ya tatu, nikanyamaza.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka mingi niliuchukua msemo huu kama karipio kwa mgeni anayekaa mno, lakini siku hizi nauona kwa upande wake wa pili. Jembe ni ishara kwamba mgeni ameanza kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Atapanda pamoja nao, atachoka pamoja nao, na akiondoka atajua walikula nini na kilitoka wapi. Mimi nilikuwa nimejipangia safari ambayo siku ya jembe haifiki kamwe. Nilikula, nikapiga picha, nikaacha chupa tupu katika pipa lililokwisha kufurika, nikahamia mji mwingine kabla mtu yeyote hajapata muda wa kulijua jina langu.

Ndiyo maana nilirudi Venice, safari hii kwa usiku nne, katika nyumba ndogo ya wageni mtaa wa Cannaregio. Jioni ya kwanza niliona jambo ambalo saa zangu saba hazikuweza kunionyesha: kuanzia saa kumi na mbili watu waliondoka kama maji ya bahari yanavyokupwa, na katika uwanja mdogo mbele ya kanisa watoto sita wakatoka na mpira. Karibu na Rialto, katika dirisha la duka la dawa, mna kibao cha namba za umeme ambacho tangu 2008 kimekuwa kikionyesha idadi ya wakazi wa mji mkongwe. Mwaka 1951 walikuwa takriban 175,000. Mwaka 2022 idadi ilishuka chini ya 50,000, na mwaka uliofuata wanaharakati wa makazi walitangaza kwamba vitanda vya watalii vimewazidi wakazi. Nilikuwa nimepita mbele ya dirisha lile katika ziara yangu ya kwanza, kwa maana picha zangu thelathini zilipigwa hatua chache tu kutoka hapo, wala sikuligeukia.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nikipanda daraja dogo nikamkuta mama mmoja mtu mzima amesimama chini ya ngazi na kitoroli chake cha sokoni. Venice haina magari, na kila daraja ni ngazi za kupanda na kushuka. Mama yule hakuniuliza ninatoka wapi wala ninafanya nini. Alinikabidhi mpini, akashika upande wa chini, tukavuka.

Basi, ndugu msomaji, ushauri wangu ni mfupi kuliko hadithi yangu. Kaa. Ukiwa na siku kumi, chagua miji miwili, au hata mmoja, na ulale humo humo. Najua unataka kuona mengi kama nilivyotaka mimi, na najua picha saba zinapendeza kuliko mbili, lakini mgeni wa mchana huongeza msongamano katika saa ambazo tayari zimejaa na kuacha fedha kidogo sana kwa mwenyeji. Kabla ya kulipia nyumba, tafuta namba ya kibali; nchini Italia tangu mwaka 2025 kila tangazo linatakiwa kuwa na namba ya utambulisho inayoitwa CIN, na kama huioni, iache nyumba hiyo hata kama bei inakuvutia. Hoteli ya kawaida, ingawa ni ghali kidogo, haikumtoa mtu kwenye chumba chake cha kulala. Na sanduku la magurudumu libebe mkononi usiku. Hili nalisema kwa uchungu.

Lipa ada bila kunung'unika. Venice ilianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza wageni wa mchana euro 5 katika siku 29 zilizoteuliwa. Mwaka 2025 siku ziliongezwa kuwa 54, na anayechelewa kujisajili akalipishwa euro 10. Amsterdam mwaka 2024 iliipandisha kodi ya malazi mpaka asilimia 12.5. Nimewasikia wasafiri wakiita hayo wizi, watu haohao wanaolipa zaidi ya hapo kwa ajili ya kuchagua kiti cha dirishani kwenye ndege. Siamini kwamba ada pekee itapunguza watu, na umati wa Venice katika siku za kutozwa ulionyesha hivyo, lakini anayetumia ngazi, mapipa na vyoo vya mji hana budi kuvichangia.

Kisha acha kutangaza vichochoro. Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, kwa kuwa riziki yangu ilikuwa ni kufichua "mahali wasipopajua wengine". Barcelona ina basi dogo, namba 116, linalowapandisha wakazi mlimani karibu na bustani ya Park Güell. Watalii walilijaza kiasi kwamba wazee wa mtaa hawakupata nafasi, na mwaka 2024 jiji lilifanikiwa kuiondoa njia hiyo kwenye ramani za Google ili wageni wasiione. Fikiria mji unaolazimika kuwaficha wageni basi lake. Kyoto, Japani, katika mtaa wa Gion, vichochoro vya watu binafsi vilifungiwa watalii mwaka huohuo, na mabango yakatangaza faini ya yeni 10,000, baada ya wageni kuwakimbiza na kuwavizia wasichana wanaojifunza sanaa ya kucheza ngoma za jadi ili wawapige picha. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi wasiofika 800, kiliwahi kusimamisha ukuta wa mbao mwaka 2023 ili kuziba mandhari ambayo watu walijazana kupigia picha. Walalamikaji wakawa wengi, ukuta ukaondolewa.

Siku hizi kuna mtindo mpya wa kupendekeza miji mbadala: badala ya mji huu maarufu nenda ule wa jirani usio na watu. Nimeombwa mara nyingi niandike orodha ya namna hiyo na nimekataa, ingawa najua ingesomwa sana. Mji mdogo uliopelekewa umati bila vyoo, mabasi wala sheria huumia upesi kuliko mkubwa. Dubrovnik, mji wa bandari wa Kroatia, baada ya kuonywa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, iliweka kikomo cha meli mbili za kitalii kwa siku. Bandari ndogo isiyo na sheria kama hiyo itajikinga vipi siku orodha yangu itakapoifikia? Ukitaka mji mbadala, utafute mwenyewe, ukae humo, unyamaze.

Makala ya miji saba bado haijafutwa. Nimeweka tahadhari juu yake, na kila wiki naona watu wanaipita tahadhari hiyo na kushuka moja kwa moja kwenye ratiba. Nimeshika kitufe cha kufuta mara mbili, na mara zote mbili nimeangalia idadi ya wasomaji nikaahirisha. Anayetaka kunihukumu kwa hilo ana haki.

Kwa yule msomaji wangu niliandika jibu refu kama hili, nikamsihi apunguze miji minne. Alijibu kesho yake, kwa adabu ileile. Tiketi za treni alikwisha kuzinunua na fedha hazirudishwi, lakini mji wa nane ameuacha, na baada ya kufikiri ameamua kulala Venice usiku mmoja. Aliuliza kama kwa kulala huko ataepuka ile ada ya euro 5. Nilimjibu kwamba ataiepuka, ila asisahau kujisajili kwanza.