Makinda wa kipanga wanalia kutwa: je, wametelekezwa?

SWALI: Nimegundua kiota cha vijiti kwenye panda ya mti msituni, nadhani ni cha kipanga. Makinda wamekwisha kutoka kiotani, wako kwenye matawi ya jirani, nao wanalia toka asubuhi mpaka jioni. Wazazi siwaoni. Je, wametelekezwa? Na nisogee hadi wapi ili niwatazame vizuri?

JIBU: Usiwe na wasiwasi, ndugu msomaji. Kulia hivyo ni kawaida ya umri wao: wanadai chakula. Wazazi huwaoni kwa sababu kipanga wa msituni ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, umbo la kukata kona kati ya mashina kwa kasi. Huingia kimya, huacha mawindo, huondoka. Na pengine anakuona wewe, akasita.

Kutoka kiotani bado si kujitegemea. Kwa kipanga mdogo wa Ulaya na Asia, Accipiter nisus, jike huatamia mayai kwa siku kama 33, na makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 24 hadi 30. Madume, ambao ni wadogo kwa umbo, huwatangulia dada zao kwa siku chache. Baada ya hapo wazazi huwalisha wiki 3 au 4 zaidi, huku manyoya ya mabawa na mkia yakimalizia kukua.

Hizo ndizo wiki ninazozipenda kuliko zote. Kaa chini, egemea shina, sikiliza kabla ya kutazama. Vilio vikichangamka ghafla na vichwa vyote vikageukia upande mmoja, inua darubini, maana mzazi anakuja. Katikati ya milo, watazame wanavyofukuzana, wanavyorukia vijiti vikavu na kuvikaba kwa kucha. Huo ni mchezo, lakini ndimo miguu inamojifunza kuua. Ukikuta gogo lililozungukwa na manyoya ya ndege wadogo, hapo ndipo wazazi wanaponyonyolea mawindo. Papite kwa mbali, usipafanye kituo chako.

Kuhusu umbali, sikupi idadi ya mita, kwani kila jozi ina uvumilivu wake. Waache ndege wenyewe wakupimie. Mzazi akipiga kelele kali za kurudiarudia, ke-ke-ke, au makinda wakinyamaza na kujibana kwenye tawi, umekaribia mno. Rudi ulikotoka, taratibu. Usicheze sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwaita. Na msimu mwingine, makinda wakiwa bado kiotani, usiupande mti huo kwa hali yoyote: wanaokaribia kuruka hushtuka wakajitupa kabla mabawa hayajawa tayari.

Ukimkuta mmoja chini, mzima, mwache. Wazazi wanaweza kumlisha hapohapo, naye ataparamia kichaka. Kama yuko njiani panapopita watu au mbwa, mfunike kwa kitambaa, angalia sana zile kucha, umweke kwenye tawi la karibu. Bawa likining'inia au ukiona damu, waite maofisa wa wanyamapori au daktari wa mifugo.

Picha zako ukizionyesha, mahali pa kiota usipataje. Wapo wanaoiba makinda, na jozi hiyo huenda ikajenga tena mitaa hiyohiyo ya msitu mwakani.