Maswali Yenu: Mhusika mpya hujaribiwaje?

SWALI: Flash, shujaa wa vibonzo wa kampuni ya Marekani ya DC Comics, alionekana mara nne kwenye jarida la majaribio la Showcase ndipo akapewa lake. Mbona ilichukua zaidi ya miaka miwili?

JIBU: Sababu ni hesabu ya masalio. Enzi hizo wauza magazeti walirudisha nakala zisizonunuliwa, na mchapishaji alikaa miezi kadhaa bila kujua mauzo halisi. Showcase, lililoanza 1956, lilitoka kila baada ya miezi miwili. Mpaka hesabu ya namba 4, alimoanzia Flash, ifike mezani, matoleo yaliyofuata yalikuwa yameshapangiwa wengine. Akarudi namba 8 (1957), kisha 13 na 14 (1958), na jarida lake likatoka 1959. Nalo halikuanza na namba 1 bali 105, likiendeleza hesabu ya Flash Comics, jarida la Flash wa zamani lililokoma 1949 kwenye 104. Wakati huo namba kubwa ilimtuliza mnunuzi. Leo namba 1 ndiyo inayogombaniwa!

Baadaye DC walizoea kumpa mhusika matoleo matatu mfululizo: Green Lantern mpya alipata Showcase 22 hadi 24, kundi la mashujaa la Justice League likapata namba 28 hadi 30 za The Brave and the Bold, jarida jingine la DC. Toleo moja hudanganya, kwani huenda limeuzwa na jalada tu. La pili na la tatu huonyesha kama mnunuzi amerudi. Hata hivyo Hawkman, shujaa mwingine wa DC, alipewa matatu mwaka 1961, akaongezewa matatu 1962, na bado akasubiri jarida lake hadi 1964.

SWALI: Jarida letu lina hadithi tano kila toleo. Tutajuaje nani amependwa?

JIBU: Kwa mauzo, hamtajua. Showcase lilimpa mhusika mmoja karibu toleo zima, hivyo mauzo yalimhusu yeye. Ninyi mnauza watano kwa pamoja. Igeni Wajapani wa Shonen Jump, jarida la vibonzo lenye hadithi nyingi: tieni kadi ndani ya jarida, msomaji ataje hadithi tatu alizozipenda zaidi. Msiulize “umeipenda?”, maana wengi watajibu ndiyo kwa adabu tu.

Kura nazo hupinda. Hadithi ya kurasa za mwanzo husomwa na wengi kuliko ya mwisho, na ya kwenye jalada hubebwa na jalada. Zungusheni nafasi kila toleo. Kura za sura ya kwanza zichukueni kwa tahadhari, maana ugeni una mvuto wake. Angalieni kama zinashuka kwenye ya pili na ya tatu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kurasa nane zinazoeleza mhusika alizaliwa wapi, kisha “itaendelea”. Msomaji hajamwona akifanya kazi, atampigia kura ya nini? Mpeni tatizo ukurasa wa kwanza, alimalize ukurasa wa nane. Asili yake itoshe picha mbili tatu katikati.