Jibu: Nyota imehama karibu na Mshtarii, ni mvutano wake?

Habari ndugu yangu wa Moshi. Umepiga picha nyota ileile mara mbili, sayari ya Mshtarii ikiwa jirani na ikiwa imeshaondoka, ukakuta nyota imehama pikseli 2, ukauliza kama ni mvutano (graviti) wa Mshtarii uliopinda mwanga wake.

Anza na kamera. Chukua 206, zidisha kwa upana wa pikseli (maikroni), gawanya kwa urefu wa fokasi wa darubini (milimita). Pikseli ya maikroni 4 na fokasi ya 1,000 zinakupa takriban sekunde 0.8 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) kwa kila pikseli. Mwanga unaopita ukingoni kabisa mwa Mshtarii hupinda sekunde 0.016 tu, yaani kama sehemu moja ya 50 ya pikseli yako, na ukisogea mbali unapungua zaidi. Kwa hiyo hizo 2 si mvutano.

Mimi hapa Arusha nikiona hivyo huwa ni hewa, ambayo nayo hupinda mwanga, zaidi nyota ikiwa chini angani. Linganisha kimo cha nyota angani usiku wote wawili, kisha pima nyota za pembeni, zilizo mbali na sayari. Nazo zikiwa zimehama, umempata mhusika.

Wanasayansi waliopima kupinda huko kwa Mshtarii mwaka 2002, Fomalont na Kopeikin, walitumia mtandao wa darubini za redio zilizotawanyika maelfu ya kilomita.

Usiache lakini! Jua hupinda mwanga unaopita ukingoni mwake sekunde 1.75, ndicho kilichopimwa kwenye kupatwa kwa 1919. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu Luxor, Misri. Vifaa vyako vinaweza kujaribu huko.