Shule Imefungwa, Mwalimu Bado Yuko Kazini

SWALI: Binti yangu, raia wa Kanada, anafundisha Kiingereza katika shule ya serikali mjini Busan. Wanafunzi wako likizo ya majira ya baridi, lakini yeye bado huenda kazini. Je, anaonewa?
Mama, Mombasa

JIBU: Haonewi, mama. Likizo ya Januari ni ya wanafunzi. Mwalimu wa kigeni aliyeajiriwa kupitia EPIK, mpango wa serikali ya Korea Kusini ulioanza mwaka 1995, ana siku zake za mapumziko zilizowekwa katika mkataba, na siku nyingine huendesha kambi ya Kiingereza au huketi ofisini akiandaa masomo ya Machi, mwaka mpya wa shule unapoanza. Upweke wa ofisi hiyo, naamini, ndio unaomchosha zaidi. Mpigie simu mchana. Busan imetutangulia kwa saa sita.