Mtoki ukitoka, vua kiatu kwanza

Nilijikata chini ya kidole gumba cha mguu. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, sikukifunga hata plasta. Siku ya tatu nikaanza kuchechemea, na ajabu ni kwamba kilichokuwa kinauma si kidole bali kinena. Nilipopapasa nikakuta uvimbe kama gololi iliyofungwa kwenye kitambaa: unateleza chini ya ngozi, ukiubonyeza unaruka roho.

Mtoki. Nikaufanyia yale ambayo wengi wetu huufanyia. Nikaukanda kwa maji ya moto, nikaubinya asubuhi na jioni ili "utawanyike", kisha nikameza vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kabatini, nusu dozi, bila kumuuliza mtu. Ukazidi kuuma.

Daktari aliyenipokea hakuutazama mtoki kwanza. Alisema, "Vua kiatu." Kidonda nilichokidharau kilikuwa kimeshatunga usaha. Akakisafisha, akanipa dawa ya dozi kamili, na kuhusu kinena akasema neno moja tu: niuache ufanye kazi yake. Nilirudi nyumbani nikijiuliza, kazi gani? Nikaanza kusoma, na tangu siku hiyo sijawahi tena kubinya tezi ya mtu, wala yangu.

Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba. Tezi hizi tunazo mamia, nyingi zikiwa shingoni, kwapani, kinenani na ndani ya tumbo. Majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu hukusanywa katika vijia, humo yakiitwa limfu, na kupitishwa kwenye tezi kabla ya kurudi kwenye damu. Kidonda cha mguu humwaga takataka zake kinenani. Koo na meno bovu humwaga shingoni. Ukichanjwa begani, usishangae kwapa la upande huohuo likiuma siku mbili tatu. Kwa hiyo ukikuta tezi imevimba, fuata maji yanakotoka: kagua nyayo, kati ya vidole, kucha, sehemu za siri, kinywa. Mara nyingi kisa kiko huko.

Sasa ndani ya tezi. Mwilini kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa na kufundwa kwenye tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambako zilizo nyingi hufeli na kufa. Kila inayofaulu hutoka na kipokezi chake, kinachotambua kipande fulani tu cha kijidudu fulani. Kwa kijidudu chochote kipya, huenda seli inayokifaa ni moja tu kati ya laki moja, au hata kati ya milioni. Je, hiyo moja itajuaje kwamba kuna vita chini ya kidole gumba? Milima haikutani, binadamu hukutana. Bila tezi, seli hizi zingekuwa milima.

Anayezikutanisha ni seli ya dendriti, yenye matawi kama mti. Wanasayansi Ralph Steinman na Zanvil Cohn waliieleza mwaka 1973 huko New York. (Steinman alitunukiwa Nobeli mwaka 2011, akiwa amefariki siku tatu kabla ya tangazo; kamati haikuwa na habari, na tuzo ikabaki yake.) Dendriti huishi kwenye ngozi. Kijidudu kikiingia, hukimeza, hukikatakata, huvibandika vipande vyake juu ya ngozi yake yenyewe, kisha hushuka na limfu hadi kwenye tezi. Huko seli T huingia kutoka kwenye damu, hupita zikimgusagusa dakika chache, na isiyofaa huenda zake. Inayofaa hung'ang'ania kwa saa nyingi.

Hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote: kutambuana hakutoshi. Dendriti lazima atoe na ishara ya pili, ya kusema kwamba hatari ipo kweli. Seli T ikikiona kipande bila ishara hiyo, haiamki, na inaweza kuzimwa kabisa. Ndivyo mwili unavyojizuia kushambulia nyama yake wenyewe.

Ikishaamka hujigawa mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku nne tano hivi. Moja huwa maelfu. Nyingine hubaki kusaidia utengenezaji wa kingamwili, nyingine hutoka kwenda kidondani. Na katika siku za mwanzo, kabla hazijatoka, tezi huwa imefunga mlango wa kutokea huku ule wa kuingilia uko wazi, damu nayo ikimiminika kwa wingi. Gamba la tezi linavutika, ndiyo maana linauma. Nilichokuwa nakibinya asubuhi na jioni ni jeshi langu mwenyewe likijipanga.

Ndiyo sababu pia ugonjwa mpya huchukua wiki hivi kabla kinga hii haijashika kasi. Usihukumu dawa wala mwili siku ya pili.

Lakini kuacha tezi ifanye kazi si kuisahau. Mimi siku hizi naandika tarehe na ukubwa. Tezi inayotokana na kidonda kwa kawaida huuma, hutelezea chini ya kidole, na huanza kunywea kidonda kikipona. Nenda hospitali mapema ukiona iliyo ngumu kama jiwe, isiyosogea, isiyouma, iliyozidi sentimita mbili, au iliyotokea juu ya mfupa wa mtulinga. Vilevile ikidumu zaidi ya wiki nne, au ikiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda: kifua kikuu huweza kukaa kwenye tezi za shingo, na saratani pia. Tezi zikivimba sehemu nyingi kwa pamoja, pima VVU. Virusi hivyo huziandama seli T zenyewe, na tezi ni maskani yao. Na kama uliondolewa bandama, inayofanya kazi kama ya tezi kwa vijidudu vilivyo kwenye damu, mweleze daktari kila homa inapokupata, hata ndogo.

Wangu ulinywea wiki ya tatu. Nikipapasa kinena hadi leo napata kitu kidogo, laini, hakiumi. Daktari alikigusa, akaniambia nivae kiatu.